Ndege kajaa fremu, kifua kiko shapu, jicho lina ukungu: nakosea wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Napenda sana kupiga picha za ndege, hasa zile za karibu, kichwa na kifua basi. Natumia DSLR yenye sensa ndogo (APS-C) ya megapikseli 24 na lenzi ya zumu ya milimita 150-600. Nimeshajifunza kutulia mpaka ndege wananizoea, saa nyingine wanatua hata mita 5 toka nilipo, lakini nikija kufungua picha kwenye kompyuta nakuta manyoya ya kifua unaweza kuyahesabu halafu jicho lina ukungu, au mara nyingine jicho liko sawa mdomo ndo umefifia. Napiga f/6.3 manake ndo mwisho wa lenzi yangu kufunguka kwenye 600, na fokasi nimeiachia kamera ichague yenyewe. Kuna anayeniambia ninunue lenzi ya maana, mwingine anasema weka f/16 yaishe, mwingine ananiambia nisogee karibu zaidi. Halafu hata zile zilizotoka vizuri naziona hazina uhai, ndege yuko katikati kama picha ya pasipoti au mkia umekatika ncha. Nianzie wapi?

JIBU:

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kwa kirefu hivi, umenirahisishia sana. Umeuliza kama vile una matatizo mawili, fokasi upande mmoja na fremu upande wa pili, ila kwenye picha za karibu hayo mawili hayatenganishiki. Pale unapotaka jicho likae ndani ya fremu ndipo pointi ya fokasi inatakiwa iwe imeshakaa, tena kabla ndege hajageuza kichwa. Ukianza kutafuta jicho kwanza halafu ndo ufikirie fremu unakuwa umechelewa, na ukiiachia kamera ichague basi imechagua kifua. Karibu kila ninachoandika hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu lenzi. Umesema manyoya ya kifua yanahesabika. Lenzi mbovu haiwezi kutoa manyoya yanayohesabika. Kabla hujafikiria kununua chochote jizoeze kuisoma picha iliyoharibika, inakwambia yenyewe imeharibikia wapi. Kama kuna sehemu yoyote iko shapu, iwe kifua, bawa au hata kijiti alichokalia, ujue fokasi imefanya kazi ila imekaa pasipotakiwa. Kama kila kitu kimeburuzika kuelekea upande mmoja, mikono yako ilitikisika. Kama miguu na tawi viko safi ila kichwa kimeburuzika, ndege ndo alicheza na spidi ya shata (kasi ya kamera kufungua na kufunga pazia lake) ilikuwa ndogo. Na kama picha nzima ni laini hakuna hata unyoya mmoja uliosimama vizuri, angalia kioo cha mbele kama kina alama za vidole, angalia filta ya bei rahisi uliyofunga mbele (itoe tu), au pengine ni joto linalopanda kutoka ardhini au kutoka kwenye gari ulilokaa, lile linalofanya hewa icheze. Wewe uko kwenye kundi la kwanza, na hilo linatibika bila kununua kitu.

Sasa kwa nini kifua na sio jicho? Hebu fikiria kuna kioo cha dirisha kimesimama wima kati yako na ndege, kimelingana sawasawa na sensa ya kamera yako (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), na kila kilichomo ndani ya unene wa kile kioo ndo kinatoka shapu, kilicho mbele yake au nyuma yake kinaanza kufifia. Fokasi kazi yake ni kukisogeza kioo mbele na nyuma tu. Haikipindi kikamfuata ndege alivyokaa, na haikiongezei unene. Unene wake unaamuliwa na apecha, yaani lile tundu la lenzi (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na ukubwa ambao ndege anaonekana kwenye sensa, ambao nao unatokana na umbali pamoja na zumu yako.

Tuweke namba uone. Kwa kamera yako, lenzi kwenye 600, f/6.3, ndege yuko mita 5, unene wa kile kioo ni kama sentimita 2 hivi jumla. Hiyo ni kwa picha ikiangaliwa kwa ukubwa wa kawaida, ukiivuta kwenye kompyuta mpaka asilimia 100 utaona ni chini ya hapo. Sentimita 2, mbele nusu na nyuma nusu. Kuna watu watakwambia fokasi inagawanyika theluthi moja mbele na theluthi mbili nyuma, hiyo haiko hivyo kwa umbali huu, ukiwa karibu namna hii inagawanyika karibu sawa kwa sawa. Sasa chukua ndege saizi ya njiwa amesimama amekuelekea wewe: kifua kimetokeza mbele, jicho limerudi nyuma kidogo na liko ubavuni mwa kichwa, mdomo nao umechomoza. Toka ncha ya mdomo mpaka kwenye jicho peke yake zile sentimita 2 zimekaribia kuisha, na kifua nacho kina nafasi yake tofauti na jicho. Haviwezi vyote kuingia ndani ya kioo kimoja. Ukiwa umeiachia kamera ichague, yenyewe inapenda kitu kilicho karibu zaidi na chenye mistari inayoonekana vizuri, na hakuna kinachotimiza hayo mawili kama kifua chenye madoa na michirizi. Kwa hiyo kamera yako haijakosea, imefanya ilichotengenezwa kufanya.

Hapa ndo naomba nizungumzie ushauri uliopewa, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuna ambao ni uongo mtupu ila wote umekatwa nusu.

Wa f/16. Ni kweli ukifunga apecha kioo kinanenepa, kutoka zile sentimita 2 utafika kama sentimita 5. Ila gharama yake ni kubwa. Kutoka f/6.3 mpaka f/16 unapoteza mwanga zaidi ya mara 6, kwa hiyo kama ulikuwa unapiga 1/1000 ya sekunde sasa uko kwenye 1/160 hivi, na kwa ndege anayetikisa kichwa kila mara hiyo spidi haitoshi, au upandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha ijae chenga. Juu ya hapo, kwa sensa ya megapikseli 24 ya saizi hiyo, tundu likiwa dogo sana mwanga unaanza kutawanyika ukipita na picha nzima inalainika, kuanzia f/11 utaanza kuona kidogo na f/16 inaonekana wazi. Na mandhari ya nyuma ambayo ulitaka iyeyuke itaanza kujitokeza na vijiti vyake vyote. Mimi ningekaa f/8. Zumu nyingi za aina yako zinatoka shapu zaidi kidogo f/8 kuliko zikifunguliwa mpaka mwisho, unapata unene wa ziada bila kuumia sana kwenye mwanga. F/11 naiweka akiba, ni ya ndege mkubwa aliyetulia kwenye mwanga mwingi, mwari kwa mfano, au hondohondo mwenye mdomo mrefu hivi.

Wa kununua lenzi nyingine. Watu wengi wanadhani lenzi ndefu ndo inakata kina cha fokasi (ndo huo unene wa kile kioo), kwa hiyo wakichukua lenzi fupi wakasogea karibu watapona. Hapana. Ndege akijaa fremu kwa kiasi kilekile na apecha ikiwa ileile, kina cha fokasi kinakuwa karibu sawa tu, iwe umepiga na 300 ukiwa karibu au 600 ukiwa mbali. Kinachobadilika ni nyuma ya ndege: lenzi ndefu inachukua kipande kidogo zaidi cha mandhari na kukiyeyusha, ndo maana picha zake zinaonekana safi. Na lenzi ya bei yenye f/4, ukiifungua mpaka mwisho kwenye picha za karibu, itakupa kioo chembamba kuliko hicho ulicho nacho sasa. Ina faida zake, mwanga mwingi na fokasi ya haraka, ila tatizo ulilonieleza ingelizidisha.

Wa kusogea karibu zaidi, huo ndo siupendi kabisa. Umbali ukipungua nusu kina cha fokasi kinashuka mpaka robo. Ukimfikia ndege kwa mita 2 na nusu (na lenzi nyingi za 150-600 zinakomea kati ya mita 2.2 na 2.8, chini ya hapo hazifokasi kabisa) unene wa kioo chako utakuwa kama milimita 5, hapo hata jicho na kope zake vinaweza visiingie pamoja. Mimi nakushauri kinyume chake, rudi nyuma. Toka mita 5 nenda mita 7, halafu ukropu (ukate pembeni) kwenye kompyuta mpaka ndege afikie ukubwa uleule uliotaka. Ukifanya hivyo kina cha fokasi kwenye picha ya mwisho kinaongezeka kama mara 1.4, sawasawa na kufunga apecha stopu moja (hatua moja, kama f/8 kwenda f/11), bila kupoteza mwanga wowote. Unacholipa ni pikseli, megapikseli 24 zinabaki 12 hivi, ambazo kwa kuangalia kwenye skrini au kuchapa saizi ya A4 zinatosha bila wasiwasi. Usipitilize lakini. Ukirudi mpaka mita 10 halafu ukropu nusu ya upana na nusu ya urefu unabaki na megapikseli 6 tu na chenga zote zinakuwa kubwa. Kati ya mita 6 na 8 ndo pazuri kwa ndege wa saizi ya njiwa. Na kuna faida nyingine mbili za kurudi nyuma nitazifikia.

Twende kwenye fokasi yenyewe, hapa nitakaa kidogo manake ndo utakaponufaika zaidi.

Toa ile setingi ya kamera kuchagua yenyewe. Weka pointi moja, ndogo, unayoihamisha kwa kidole. Weka fokasi ya kuendelea, ile iliyoandikwa AF-C kwenye kamera nyingi na AI Servo kwenye Canon za DSLR, sio ile ya kukamata mara moja na kuganda, kwa sababu ndege hata akionekana ametulia mwili wake unacheza mbele na nyuma, na wewe pia unacheza, na kwa kioo cha sentimita 2 kuyumba kwa sentimita 1 kunatosha kukutoa. Halafu kama kamera yako inaruhusu, hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha kidole gumba (AF-ON), shata ibaki na kazi ya kupiga tu. Mwanzoni utaona inakuchanganya ila vidole vinazoea, na faida yake ni kwamba ukishikilia gumba kamera inafuatilia jicho, ukiachia inaganda palepale, bila kwenda kwenye menyu.

Sasa pointi uiweke wapi? Jicho, sawa, ila kuna jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: eneo ambalo kamera inasoma kwa kweli ni kubwa kidogo kuliko kale kaboksi unakokaona kwenye vyufainda (kile kidirisha unachochungulia). Kwa ndege mwenye jicho dogo jeusi, kunguru kwa mfano, kamera inaweza kuliruka jicho ikashika manyoya ya shavu. Wewe lenga pale jicho linapokutana na manyoya, kwenye ule ukingo wa mbele upande wa mdomo, kuna tofauti ya rangi na mwanga ambayo kamera inaipenda, na hata ikikosea kidogo inakosea kuelekea mdomoni badala ya kuelekea kisogoni. Picha yenye jicho shapu na mdomo shapu ila kisogo kimefifia inaonekana nzuri tu. Ikiwa kinyume chake haiwezi kuokolewa.

Na kabla hujamtupia lawama ndege angalia pia pembeni ya lenzi, kuna swichi inayozuia fokasi isishuke chini ya umbali fulani, kwenye baadhi ya lenzi za aina yako ikiwekwa vibaya haifokasi chini ya mita 10 kabisa. Inasahaulika sana.

Kuna mbinu moja labda umeshaambiwa uiache: kufokasi kwa pointi ya katikati halafu kuhamisha fremu. Sababu wanayoitoa ni kwamba ukizungusha kamera umbali unabadilika. Kwa lenzi fupi ukiwa karibu ni kweli, ila kwa 600 haina uzito, upana wa kuona wa lenzi yako ni digrii chache sana, ukihamisha jicho kutoka katikati kwenda pembeni kosa linalopatikana kwa mita 5 halifiki hata milimita 2. Kinachoharibu ni ule muda. Kati ya kufokasi na kupiga unapita muda mfupi ambao wewe umeyumba, ndege kageuka, na kama uko kwenye fokasi ya kuendelea bila kuachia kitufe basi kamera nayo imefokasi upya kwenye kifua kilichoingia katikati. Ndo maana nasema fremu kwanza: amua kabla kwamba ndege huyu anaangalia kulia, kwa hiyo jicho nalitaka juu upande wa kushoto, peleka pointi hapo, halafu umsubiri kichwa kije kwenye pointi. DSLR nyingi pointi zimejazana katikati na hazifiki unapotaka. Usilazimishe, tumia ya mwisho kabisa inayofika, piga kwa nafasi zaidi na ukropu baadaye ili jicho likae unapotaka.

Kuhusu kamera mpya zinazotambua jicho la ndege, najua utauliza. Canon EOS R5 ilikuja nayo 2020, Sony Alpha 1 ikafuata 2021, na sasa imesambaa kwa makampuni mengi. Ni msaada wa kweli, sitakudanganya, hasa kwa ndege anayeruka. Ila kwa picha za karibu za ndege aliyetua inakuondolea kazi ya kuhamisha pointi tu, unene wa kioo unabaki uleule, na bado inaweza kuyumba jicho likijificha nyuma ya majani au likiwa jeusi kwenye uso mweusi. Kama una hela na ulikuwa unabadilisha kamera hata hivyo, sawa. Kununua kwa ajili ya tatizo hili peke yake bado mapema.

Spidi ya shata nitasema kwa kifupi. Ndege aliyetua hatulii, kichwa chake kinaruka ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine halafu kinaganda kidogo. 1/500 ndo chini kabisa kwa ndege wa wastani, shomoro na wadogo wenzake wape 1/1000 au zaidi. Bundi aliyesinzia au korongo anayevizia unaweza kushuka mpaka 1/125 ukiwa na tripodi. Kile kitulizaji mtikisiko cha kwenye lenzi kinasaidia mikono yako tu, kichwa cha ndege hakiwezi kukituliza, kwa hiyo usishushe spidi kwa kukitegemea. Piga mfululizo mfupi wa picha tatu mpaka tano pale kichwa kinapoganda, utapata moja ambayo ile kope ya tatu ya ndege haijapita juu ya jicho. Ndege wana utando unaopita kwa haraka kusafisha jicho, ukinaswa na kamera jicho linaonekana la bluu au la maziwa, na watu wengi wanadhani ni fokasi imekosa wakati fokasi iko safi kabisa.

Sasa turudi kwenye kile kioo, manake hapa ndo fokasi inageuka kuwa fremu. Kwa kuwa hauwezi kukipinda, msubiri ndege mwenyewe ajipange ndani yake. Akikupa ubavu, jicho, mdomo, shingo na bega vyote vinakaa karibu kwenye mstari mmoja na sentimita 2 zinatosha kabisa. Kichwa kikigeuka digrii chache kuja kwako, ile tu ambayo unaanza kuhisi kwamba amekuona, mdomo bado umo, na picha inapata uhai. Akigeuka zaidi mdomo unatoka nje ya kioo, hapo chagua jicho, mdomo ufifie hakuna ubaya, zile picha zako za jicho shapu mdomo laini usizifute kwa kudhani umekosea. Akigeuza kichwa kwenda mbali na wewe, hata digrii chache, acha kupiga. Hiyo ndo sababu kubwa ya picha "kukosa uhai" kuliko ndege kukaa katikati. Jicho linakuwa linaangalia nje ya picha na mng'ao wake unapotea.

Ule mng'ao ni kile kinukta cha mwanga juu ya jicho. Bila huo hata jicho lililo shapu linaonekana limekufa. Jua likiwa chini nyuma ya mgongo wako unaupata, na siku ya mawingu anga lote linajiakisi juu ya jicho, unakuwa laini na mzuri zaidi. Jua la mchana wa saa sita linaweka kivuli cha paji la uso juu ya jicho, muda huo pumzika.

Kitu cha pili ni kimo. Shuka usawa wa jicho la ndege. Ndege wa chini, lala chini. Hii sio urembo tu: ukimpiga kutoka juu au kutoka chini sensa imeinama, na kile kioo nacho kimeinama pamoja nayo, kwa hiyo kinakata mwili kwa mshazari, kifua ndani kichwa nje. Ndege akiwa juu ya mti ndo ile faida ya kwanza ya kurudi nyuma niliyokuahidi. Tawi lililo mita 4 juu ya macho yako, ukilipiga ukiwa mita 5 kwa usawa wa ardhi unaangalia juu kwa digrii karibu 39, unapata tumbo na kidevu. Rudi mpaka mita 15 inashuka hadi digrii 15, na ndege anaanza kuonekana kama mmekaa mnatazamana. Kwa umbali huo hautapata kichwa na kifua cha kujaa, utapata ndege mzima na tawi lake, na mara nyingi ni picha bora kuliko ya karibu iliyolazimishwa.

Hilo linanileta kwenye mkia uliokatika. Amua moja: ama ndege mzima na nafasi ya kupumua kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia na miguu, ama kata kwa nguvu, katikati ya kifua na bega, mahali penye upana, ili anayeangalia aone umekusudia. Kinachosumbua ni kukata kwa bahati mbaya, ncha ya mkia sentimita moja, vidole vya miguu, au shingoni palipo pembamba. Kwenye 600 kwa mita 5 fremu yako nzima ina upana wa kama sentimita 17 mpaka 20, njiwa mzima haingii hata umgeuzeje. Kwa hiyo kama anakuja mpaka hapo, ama ishushe zumu mpaka 300 upate mwili mzima, ama kubali ni picha ya kichwa na uipange kama picha ya kichwa. Ndege mwenye shingo ndefu geuza kamera wima. Acha nafasi zaidi upande anaoangalia kuliko kisogoni, na jicho liweke juu ya nusu ya picha. Sio sheria hiyo, ndege akikutazama usoni kabisa, bundi hasa ambaye macho yake yote yako mbele, katikati ndo mahali pake. Ile hisia ya pasipoti inatoka kwenye ubavu uliowekwa katikati na nafasi sawa pande zote.

Nyuma ya ndege angalia kabla hujabonyeza. Kuna kijiti kinachotokea kichwani? Kuna doa la mwanga pembeni? Kwa lenzi ndefu nusu hatua kwenda kushoto inabadilisha kila kitu kule nyuma wakati ndege mwenyewe hajabadilika. Na tawi linalosimama mbali na majani ya nyuma litakupa kule nyuma safi hata kwa f/8.

Faida ya pili ya kurudi nyuma ni ndege mwenyewe, na hili nalisema kwa uzito. Ndege aliyekaza manyoya mwilini, amenyoosha shingo juu, ameacha kula, au anatoa ule mlio mfupi wa kurudiarudia, huyo ameshaogopa, na picha yake itaonyesha woga. Ondoka polepole kwa njia uliyojia. Kwenye viota usipige picha za karibu kabisa, mzazi akikimbia mayai yanapoa au yanachomwa na jua, na usimwite ndege kwa kumchezea sauti yake kwenye simu ili asogee. Akirudi kula mwenyewe wakati wewe bado upo, hapo ndo anza kupiga.

Mwisho, lini umuone mtu ana kwa ana. DSLR inafokasi kwa sensa ya pembeni tofauti na ile inayopiga picha, na hizo mbili zinaweza kupishana kidogo, kamera ikawa inafokasi mbele au nyuma ya ulipolenga kila mara. Dalili yake ni kukosea upande mmoja siku zote. Wewe unakosea huku na huku, mara kifua mara mdomo, kwa hiyo sidhani, lakini jipime. Kamera kwenye tripodi, kitulizaji mtikisiko umekizima, lenga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani kwa umbali wa mita 6, f/6.3, spidi kubwa. Piga mara kadhaa ukifokasi kwa vyufainda, na kila mara uivuruge fokasi kwanza. Halafu piga mara kadhaa ukifokasi kupitia skrini ya nyuma, manake hiyo inatumia sensa yenyewe ya picha. Zikilingana, lenzi yako nzima. Za skrini zikiwa shapu kila mara na za vyufainda laini kila mara, tafuta kwenye menyu sehemu ya kurekebisha fokasi ya lenzi kama kamera yako inayo, na kama haina au marekebisho yakifika mwisho bila nafuu, peleka kwa fundi wa kamera anayetambulika. Upande mmoja wa gazeti ukiwa laini muda wote hata kwa skrini, wakati ukurasa ulikuwa umelingana sawasawa na kamera, basi kuna kioo ndani ya lenzi kimehama, hiyo pia ni ya fundi, usiifungue mwenyewe. Na kama hata baada ya kuzungusha kile kigurudumu kidogo pembeni ya vyufainda bado namba za ndani huzioni vizuri, kapime macho.

Ukienda kwa fundi beba kamera na lenzi vyote pamoja, manake vinarekebishwa kwa kulinganishwa, na mpelekee mafaili halisi ya lile jaribio la gazeti, yasiyokropiwa wala kuguswa na programu yoyote.